Kiholanzi, Kiuzbeki na Kamba ya Kisima

Tabora, 12 Januari 1974

Mpwa wangu Zamda,

Marahaba. Najua umeniamkia moyoni kabla ya kufungua bahasha hii, na kama hukuniamkia, fanya sasa, nasubiri.

Sisi ni wazima. Mkaza mjomba wako Mwanamkuu alisumbuliwa na goti, tukampeleka hospitali ya Kitete, daktari akamkataza kukaa chini sakafuni. Anakusalimu kutoka hapo chini sakafuni alipokaa. Mama yako Batuli alituletea mahindi makavu kabla ya mvua kushika, akalala siku mbili, akasema Tabora maji yana ladha ya bomba, akarudi kwake Kisima cha Pembe.

Ama baada ya salamu, nina jambo. Chama chetu cha walimu wastaafu kimenitaka nitoe mhadhara mwezi wa nne. Mwaka jana mwenzangu mmoja alizungumzia kilimo cha mihogo, na kila aliyekuwepo alijua mihogo kuliko yeye. Sitaki yanikute hayo. Nitazungumza juu ya kitu ambacho hakuna anayeweza kunisahihisha: tofauti ya Kiholanzi na Kiuzbeki.

Usicheke. Kiholanzi ninacho. Unajua kwamba kwa miaka mingi niliwafundisha Kiswahili mapadri wageni pale Kipalapala, mimi Mwislamu na kofia yangu, na wengi wao walikuwa Waholanzi. Mtu anayejifunza lugha ngumu hulalamika kwa lugha yake, nami nililipwa kukaa mbele ya malalamiko hayo kila asubuhi. Kwa hiyo Kiholanzi changu ni kizuri sana katika kulaumu chakula, joto na ngeli za majina.

Kiuzbeki utanipa wewe. Serikali imekupeleka Tashkent ukasomee kumwagilia pamba, na madarasani najua mnatumia Kirusi. Lakini umeandika kwamba umepangishwa kwa bibi wa Kiuzbeki. Basi msikilize, uniandikie.

Nianze na koo. Kiholanzi kina sauti ya kukwaruza kooni, ile ile ya *kh* tuliyofundishwa chuo cha Kurani kwa fimbo. Padri mmoja aliponisikia nikiitamka siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kuishi Uholanzi. Nikamwambia hapana, nimewahi kuishi kwa Maalimu Shomari. Je, Wauzbeki nao wanakwaruza?

Andika kwa mwandiko unaosomeka. Hukutumwa kusomea udaktari.

Mjomba wako,
Mfaume


Tashkent, 3 Machi 1974

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena vizuri kuliko ulivyoifunga wewe. Mimi mzima, ila baridi. Theluji ikiyeyuka hapa, viatu vinakunywa maji kama ng'ombe. Msalimie Mkaza mjomba na goti lake.

Wanakwaruza, Mjomba! Nilidhani nitakuja kuchekwa, lakini Bibi Hosiyat, mwenye nyumba yangu, alinisikia nikisema *kh* akanikumbatia. Na si koo tu. Sikiliza maneno haya: *kitob*, *daftar*, *qalam*, *maktab*, *vaqt*, *xabar*, *javob*, *dunyo*. Hiyo *x* yao ndiyo *kh* yetu. Yote umeyaelewa bila mimi kukutafsiria. Waarabu walipita kwao kama walivyopita Tabora, wakaacha maneno yale yale, kana kwamba wote tulinunua duka moja. Neno la kwanza nililolishika mezani lilikuwa *lekin*, ambalo ni lakini. Na ukishaelewa lakini umeshaelewa nusu ya mkutano wowote.

Kuunganisha maneno wanafanya kama sisi, ila kwa nyuma. *Uy* ni nyumba. *Uylar*, nyumba nyingi. *Uylarimiz*, nyumba zetu. *Uylarimizda*, ndani ya nyumba zetu. Sisi tunapakia mzigo mbele ya neno, kichwani, kama mpagazi. Wao ni gari moshi: kichwa kinatangulia, mabehewa yanafuata.

Hawana mwanamume na mwanamke katika maneno. Yeye ni yeye, kama kwetu.

Na herufi zao, Mjomba, hizi zitakufurahisha. Bibi Hosiyat alipokuwa mtoto waliandika kwa herufi za Kiarabu. Zikaondolewa, zikaja za Kizungu kama zetu. Baada ya miaka michache hizo nazo zikaondolewa, zikaja za Kirusi. Kila mara walitangaziwa kwamba sasa ndiyo wamejua kusoma. Bibi anasema mama yake alilala akiwa msomi akaamka hajui kusoma jina la mtaa wake.

Hilo la kuhamishwa herufi limenikumbusha jingine. Kuna mwenzetu wa Dodoma amepata barua kwamba kwao watu wote wamehamishwa, wamepangwa kandokando ya barabara. Je, huko kwetu? Mama yuko pale pale? Kisima kipo?

Wako,
Zamda


Tabora, 20 Aprili 1974

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwanamkuu anasema theluji isikuzoee. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa miwani yangu imepoteza mkono mmoja na sasa inakaa usoni kwa kamba ya kiatu.

Mhadhara umefanyika. Walikuja watu saba, mmoja akiwa amekosea siku. Niliwaeleza habari ya mpagazi na gari moshi wakaipenda sana, hasa Mzee Anton aliyefanya kazi stesheni maisha yake yote. Alisimama akasema kama ni hivyo basi Kiuzbeki ndiyo lugha iliyoendelea, kwa sababu ina reli. Wengine wakapinga. Walibishana kwa muda mrefu kuhusu lugha ambayo kati yao hakuna aliyewahi kuisikia, na nikaona nimefaulu.

Nikawaeleza Kiholanzi. Mholanzi anakata tendo vipande viwili. Kimoja anakiweka mbele, kingine anakipeleka mwisho kabisa wa sentensi, kama msafara wa zamani ulivyoweka kiongozi mbele na askari wa kufunga njia nyuma. Wewe msikilizaji unakaa katikati na mizigo, hujui kama mnaenda au mnarudi, mpaka yule wa nyuma afike. Kuhesabu, anasema tano-na-ishirini. Na ana kitu kingine cha ajabu: kila anachokipenda anakipunguza. Nyumba anaiita kijumba, bia anaiita kibia, hata kama chupa ni kubwa namna gani.

Lakini hapa kuna jambo nililowaficha wenzangu kwa heshima ya Waholanzi. Neno lao *oom* ni kaka wa baba na pia ni kaka wa mama. Hawatofautishi! Na neno *nicht* ni wewe, mpwa wangu, na pia ni binti wa ami yangu. Nilimuuliza padri mmoja: sasa mtu akiwa na shida, anajuaje amwendee nani? Akaniambia anamwendea aliye karibu. Tafuta Wauzbeki wanasemaje.

Mama yako ni mzima na anakusalimu sana. Ameingia kisomo cha watu wazima. Mwalimu wake anasema ana kichwa chepesi lakini ni mbishi; alipoambiwa aandike "Baba analima" aliandika nusu akauliza huyo baba analima lini, mbona hamjui.

Mvua zimekuwa nzuri.

Mjomba wako,
Mfaume


Tashkent, 9 Juni 1974

Shikamoo Mjomba.

Hapa sasa ni joto kama Nzega na matunda yanaanguka chini bila mwenyewe. Bibi Hosiyat anakusalimu na amekutumia zabibu kavu kwa mwanafunzi wa Kigoma anayerudi likizo. Ukikuta zimepungua, mwanafunzi huyo anaitwa Modest, mlaumu yeye.

Nimeuliza. Kaka wa baba ni *amaki*; sikia ilivyo karibu na ami yetu. Kaka wa mama ni *togha*. Haichanganywi hata kidogo. Nilipomweleza Bibi kwamba wewe ni togha yangu, akauliza swali moja tu: "Basi ndiye anayemtazama mama yako?" Nikasema ndiye. Akasema, "Vizuri, kula."

Salamu zao ungezipenda. Wakikutana njiani wanaweka mkono kifuani wanaanza: mzima? hukuchoka? nyumbani salama? watoto? wazee? kazi? Maswali yanatoka yote pamoja na majibu hayasubiriwi, wote wawili wanauliza kwa wakati mmoja mpaka pumzi iishe. Ndipo wanatulia, na kama kuna jambo, linasemwa. Mara nyingi hakuna.

Jambo jingine: kila kijiji cha ushirika hapa kina *rais* wake. Ndivyo wanavyomwita mwenyekiti wa shamba. Kuna rais wa pamba, rais wa matikiti, na juzi tulimtembelea rais mmoja anayefuga kondoo.

Mjomba, umenieleza mvua, miwani na bia ya Waholanzi. Nilikuuliza jambo moja na hukulijibu. Kisima kipo?

Zamda


Tabora, 2 Agosti 1974

Mpwa wangu,

Marahaba, na zabibu zimefika. Modest nimemsamehe.

Kwanza, lile la rais wa kondoo usiliandike tena. Barua zako zinasomwa na watu kabla yangu, na si wote wenye ucheshi.

Salamu za Kiuzbeki nimezifurahia mno, maana sasa tofauti kubwa ya lugha hizi mbili nimeipata, na haimo katika maneno. Mholanzi anasema *Dag*, halafu analeta jambo lake zima likiwa bichi. Hakuulizi kama umelala. Akiona ugali wako haukuiva atakwambia haukuiva, na anadhani amekufanyia hisani. Kwa miaka yote ile Kipalapala, kazi yangu hasa haikuwa kuwafundisha Kiswahili. Ilikuwa kuwafundisha wasiseme wanachofikiri. Padri akisema "chakula hiki kibaya", mimi namwandikia "leo sina njaa sana". Akisema "mtu huyu ni mvivu", namwandikia "ndugu huyu hana haraka". Nilikuwa kama mtu wa kulainisha ngozi. Wengi wao waliondoka wakisifiwa kote kwa upole, na nusu ya upole ule ni wangu.

Ujuzi huo sasa umehitajika. Kuna kijana anaitwa Ndugu Yoramu, amepewa kusimamia mambo ya vijiji upande ule wa mama yako. Ni kijana safi, ana kalamu tatu mfukoni na anapenda mistari iliyonyooka. Waholanzi wa mradi wa maji watatembelea, naye ameniomba niwe mkalimani. Tena ametaka kwaya iwapokee kwa Kiholanzi, kwa hiyo nilikwenda kuifundisha *Goedemorgen*, yaani habari za asubuhi. Mama yako anaimba sauti ya pili. Ile *kh* ya mwanzo anaitoa kwa nguvu kuliko wote, kama mtu anayetaka kutema.

Amaki na togha nimevipenda. Nimevirudia mara nyingi.

Mjomba wako,
Mfaume


Tabora, 20 Oktoba 1974

Mpwa wangu Zamda,

Sijapata barua yako tangu ya mwezi wa sita. Mwanamkuu anasema umekasirika. Mimi nasema posta. Lakini nimeisoma tena barua yangu ya Agosti, nakala ninayobaki nayo, nikaona umeshaelewa. Mama yako hajawahi kupenda kuimba. Kama yuko kwenye kwaya ya kijiji, basi kuna kijiji kipya.

Nakueleza sasa.

Walihamishwa mwezi wa tatu mwishoni. Lori lilikuja asubuhi, na Ndugu Yoramu akatangaza kwamba watu wanahama kwa hiari yao kabla ya saa sita. Nyumba ziliezuliwa. Walipelekwa barabarani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kisima cha Pembe, mahali panapoitwa sasa Kijiji cha Nuru. Nyumba zimepangwa mstari mmoja uliopigwa kwa kamba, na kweli ukipita na gari zinapendeza. Hakuna maji. Ndugu Yoramu anasema maji yatakuja, na ndiyo sababu ya Waholanzi.

Mama yako alikataa kupanda lori. Masolwa, jirani yenu, alikuwapo akanisimulia. Aliulizwa, "Mama, unangoja nini?" Akasema, "Namngoja mwenye kisima aniruhusu." Wakamwuliza mwenye kisima nani. Akasema, "Mimi, na bado sijaamua."

Unajua habari hiyo, lakini niiandike, pengine hukuwahi kuelezwa yote. Babu yetu Ngollo alikuwa mpagazi. Alikuja akiwa na pembe ya ndovu begani, akaugua, msafara ukamwacha pale kisimani, akapona, akakaa. Tangu hapo ilikuwa desturi: kisima hakina mfuniko wala uzio, lakini kamba ya kuchotea inakaa nyumbani kwa Ngollo. Msafara ukifika, uwe wa Mwarabu au wa nani, mkubwa wao anakuja mlangoni, anaamkia, anaulizwa habari za njiani, ndipo anapewa kamba. Hakuna aliyelipa kitu. Walilipa kwa kuamkia. Baba alipofariki, mimi nilikuwa nasoma, nikamwambia dada yangu akae na kamba. Hakuiachia tena.

Basi mwisho alipanda lori. Hakuchukua kitanda, hakuchukua jiwe la kusagia. Alichukua kamba na ndoo yake, na sasa vimetundikwa mlangoni katika nyumba namba kumi na nne, mahali pasipo na kisima. Alfajiri wanawake wanampitia, wanamwamkia, wanakwenda wote na kamba mpaka Kisima cha Pembe, wanarudi jua limepita utosini. Ndugu Yoramu ameandika kwamba wanawake wa Nuru wanafanya mazoezi ya viungo.

Umeniuliza mara mbili kama kisima kipo nami nikakueleza Kiholanzi. Niliogopa kwamba ukijua hakuna nyumba, hutakuwa na sababu ya kurudi.

Waholanzi wameahirisha mpaka Desemba.

Mjomba wako,
Mfaume


Tashkent, 30 Novemba 1974

Mjomba, shikamoo.

Haikuwa posta. Nilikuwa shambani.

Kila mwaka mwezi wa tisa chuo kizima kinafungwa na wanafunzi wanakwenda kuchuma pamba mpaka iishe. Sisi wageni hatulazimishwi. Tunaambiwa ni *ikhtiyoriy*, na usihangaike kutafuta maana, ni hiari, neno letu lile lile kutoka duka lile lile, na wanalitumia kama Ndugu Yoramu. Jiko la chuo linafungwa, walimu wanaondoka, hata Bibi Hosiyat na umri wake alikwenda kwa binti yake shambani, mimi nikabaki na funguo na mkate mmoja. Kwa hiyo nilihiari. Mwaka jana pia nilihiari, sikukuandikia. Mimi niliyekimbia pamba ya mashamba ya Lusu huko kwetu, nikapigiwa ngoma stesheni ya Tabora kwamba naenda kusoma, nimevuka nusu ya dunia ili nichume pamba kwenye baridi. Nina makovu ya vikonyo vya pamba vidoleni kama ya mama. Niliona aibu.

Barua yako ya Oktoba niliisoma nimesimama. Nimekasirika, Mjomba, na sitalainisha. Wewe ni togha. Tuna neno lake na wao wana neno lake. Waholanzi ndio hawana. Mama anabeba maji nusu ya siku na wewe unawafundisha watu kuimba habari za asubuhi.

Nami nina nililokuwa sijasema. Chuo kimeniuliza kama nikimaliza mwakani nitakubali kubaki niwafundishe Kiswahili maofisa wao. Wanatoa chumba, na maji moto yanatoka ukutani. Sijajibu. Nilikuwa nangoja unijibu wewe kwanza.

Sasa nirudi wapi? Namba kumi na nne?

Zamda


Tabora, 18 Januari 1975

Mpwa wangu Zamda,

Marahaba. Goti la Mwanamkuu linaendelea vizuri tangu aache kufuata dawa. Kovu si aibu. Aibu nimeibeba mimi, na barua yako nilikwenda nayo mfukoni Nuru, tarehe kumi na nane Desemba, siku Waholanzi walipofika. Nakusimulia kwa utaratibu, unijuavyo.

Walitarajiwa saa tatu asubuhi, wakafika saa tisa mchana kwa sababu ya matope. Nilimwambia Ndugu Yoramu kwamba *Goedemorgen* haifai tena, saa hizi wanasema kitu kingine. Akaniambia ratiba imeshapigwa chapa. Kwaya ikaimba habari za asubuhi kwa sauti nne, jua likielekea magharibi. Mkubwa wa wageni, bwana mrefu aitwaye Henk, akatazama saa yake, akaitikisa.

Ndugu Yoramu alihutubia. Alisema Nuru ni kijiji cha mfano. Bwana Henk alitembea mstari mzima wa nyumba na kurudi, akaniuliza kwa Kiholanzi, "Maji yako wapi?"

Nikatafsiri. Ndugu Yoramu akatabasamu. "Mwambie ndiyo tunayasubiri kutoka kwao."

"Na kabla ya hapa walikunywa wapi?"

Nikatafsiri hilo nalo, ingawa halikuwamo kwenye ratiba. Mama yako akasema kutoka kwenye kwaya, "Kisima cha Pembe. Hakijakauka tangu wapagazi."

"Mzee, hiyo usitafsiri," Ndugu Yoramu akaniambia.

Nikatafsiri.

Bwana Henk hakuuliza kama nimelala vizuri. Alisema sentensi moja ndefu, na mwisho wake neno fupi, *dom*. Zamda, kichwani mwangu tafsiri ilikuwa imeshaiva, nzuri, laini: "Mgeni anaona kwamba suala la maji lingefaa kutazamwa kwa mapana." Kazi ya miaka yangu yote. Nilifungua kinywa kuitoa.

"Kaka," mama yako akasema. "Amesemaje? Nipe kama ilivyo. Usinipikie."

Nilivua miwani, kamba ya kiatu ikanasa sikioni, nikahangaika nayo mbele ya watu wote. Halafu nikasema: "Amesema, mmewaondoa watu kwenye maji, sasa mnaniomba mimi maji. Huu ni ujinga."

Ndugu Yoramu alikuwa amegeuka rangi. "Ujinga wa nani?" akaniuliza. "Muulize. Ujinga wa nani?"

Alidhani sitauliza. Nikauliza. Bwana Henk akafikiri kidogo, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya saruji, akajibu.

"Amesema, wa aliyebuni," nikatafsiri.

Masolwa aliguna. Mwanamke mmoja alianza kucheka akajiziba kwa kanga. Nami nilisimama pale nikiwaza nitalala wapi usiku ule, maana kuna watu wamelala ndani kwa maneno madogo kuliko hayo.

Sasa jifunze jambo kuhusu watu wenye kalamu tatu. Ndugu Yoramu alizinyoosha kalamu zake mfukoni. Kisha akainua mkono, akasema kwa sauti ya mkutano: "Ndugu wananchi, mmesikia! Ndiyo maana tukamwalika mtaalamu. Awamu ya kwanza ilikuwa kuhamia barabarani. Leo mtaalamu mwenyewe ametuzindulia awamu ya pili!" Akapiga makofi peke yake, mpaka wengine wakamwonea huruma wakamsaidia.

Bwana Henk alisema mashine ya kuvuta maji ataifunga palipo na maji, na si penginepo. Wiki mbili baadaye lori lilirudi. Watu walihama kwa hiari yao kabla ya saa nne. Safari hii ilikuwa kweli, wengine walikuwa wameshatangulia tangu usiku. Kibao cha "Kijiji cha Nuru" kimebebwa na Masolwa kwenye baiskeli, kimesimikwa kisimani. Nimeambiwa kwamba katika taarifa iliyopelekwa juu, vimeandikwa vijiji viwili vipya, Nuru ya Kwanza na Nuru ya Pili, na Ndugu Yoramu anatazamiwa kupandishwa cheo. Mimi sikulala ndani. Nimeandikiwa barua ya kushukuriwa kwa ukalimani wenye kujenga.

Nyumba lazima ziwe kwenye mstari. Mama yako amekubali mstari, kwa sharti kwamba uanzie kwake. Mashine ilipofungwa, mafundi wakasema kamba haina kazi tena. Akasema ni kweli, akaitundika mlangoni. Wanawake bado wanampitia asubuhi kumwamkia kabla ya kwenda kuvuta maji kwa mpini wa chuma, na yeye bado anauliza habari za njiani, ijapokuwa njia yenyewe ni hatua chache.

Mwezi wa nne nimeombwa mhadhara mwingine. Nitasema kwamba mwaka jana nilikosea. Nilidhani kwamba Kiuzbeki ni lugha ya adabu na Kiholanzi hakina adabu. Sasa naona kila mtu anahitaji zote mbili, ya kumwulizia mwenzake kama amelala, na ya kumwambia kwamba nyumba yake haina maji. Mzee Anton bila shaka atauliza ipi ina reli.

Kuhusu kile chumba na maji moto ya ukutani, sitakushauri. Nina hoja kadhaa, nimezipanga vizuri, za upande huu na za upande ule, na nilikuwa nimeanza kuziandika. Lakini mama yako yuko hapa kwetu tangu juzi, amefuata cheti chake cha kisomo. Amesimama nyuma ya kiti changu, akaniuliza nimefika wapi, nikamsomea. Amenipokonya kalamu.

ZAMDA. MJOMBA WAKO ANA MANENO MENGI. MIMI NINA MATATU. KISIMA KIPO RUDI.